Zana za pamoja: Mali bila daftari hupotea bila habari

MWEZI wa Februari unapoyoyoma na mawingu ya masika kuanza kutanda juu ya mashamba ya Trans Nzoia na Uasin Gishu, plau ya kikundi huvutwa kutoka chini ya mti ilikoachwa tangu msimu uliopita. Hapo ndipo maswali huzuka. Diski moja haizunguki. Bolti mbili hazipo, na mahali pa bolti hizo pamefungwa waya. Mkulima aliye wa kwanza katika foleni, ambaye amekwisha kulipa ada yake, anataka kujua ni nani aliyeitumia mara ya mwisho. Wenzake wanatazamana.

Kisa cha aina hii hakimshangazi yeyote aliyewahi kuwa mwanachama wa kikundi au chama cha ushirika kinachomiliki zana za trekta kwa pamoja. Plau, haro, mashine ya kupandia, bomba la kunyunyizia dawa na tela hununuliwa kwa shangwe, pengine kwa mkopo au kwa msaada wa serikali ya kaunti, na misimu michache baadaye hugeuka vyuma chakavu. Lawama hutupiwa dereva, kisha mwenyekiti, kisha mashine yenyewe kwamba ilikuwa duni tangu mwanzo.

Aghalabu lawama hizo hukosea shabaha. Zana ya chuma haifi kwa kufanya kazi nyingi. Iliundwa ifanye kazi nyingi. Hufa kwa sababu hakuna anayejua imefanya kazi kiasi gani, ilikuwa katika hali gani ilipoondoka kwa mkulima mmoja, na katika hali gani ilipofika kwa mwingine. Waswahili walikwisha kuliona jambo hili waliposema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

TREKTA LINA MITA, PLAU HAINA

Trekta lenyewe lina njia ya kujieleza. Lina nambari ya usajili, lina kitabu cha umiliki, na mbele ya dereva kuna mita inayohesabu saa ambazo injini imefanya kazi. Watengenezaji huandika maagizo yao kwa kuifuata mita hiyo: oili ya injini ibadilishwe baada ya saa kadhaa, chujio la dizeli baada ya saa kadhaa, klachi ikaguliwe baada ya saa kadhaa. Hata asiyeweza kusoma kijitabu cha trekta anaweza kuisoma mita.

Mita nayo ina hila zake. Katika matrekta mengi ya zamani, ambayo hadi sasa ndiyo tegemeo la wakulima wadogo, mita huendeshwa na mizunguko ya injini. Saa moja ya mita ni saa moja ya injini inayozunguka kwa kasi iliyowekwa na mtengenezaji. Injini ikinguruma polepole, mita pia huchelewa. Ndiyo maana saa za mita na saa za ukutani hazilingani, na kikundi kinachotoza ada kwa saa hakina budi kuamua mapema kitafuata ipi kati ya hizo mbili.

Plau haina hata hila hiyo. Haina mita wala taa nyekundu ya kuonya. Leo inakokotwa na trekta la chama, kesho na trekta la kukodi, keshokutwa na la mwanachama aliyejinunulia lake. Mfumo wa kuunganisha zana kwa mikono mitatu nyuma ya trekta, ambao Harry Ferguson, mvumbuzi mzaliwa wa Ireland, aliuingiza sokoni katika miaka ya 1930, ndio uliowezesha zana moja kuhama kutoka trekta hadi trekta kwa dakika chache. Urahisi huohuo ndio unaoipotezea zana historia yake.

WALIOTANGULIA

Wakulima wa Kenya si wa kwanza kukabiliana na tatizo hili. Nchini Ufaransa, sheria ya mwaka 1945 iliruhusu wakulima kuunda vyama vya ushirika kwa kusudi moja tu, yaani kununua na kutumia mashine pamoja. Vyama hivyo, vijulikanavyo kwa kifupi kama CUMA, vingalipo kwa maelfu hadi leo. Nchini Ujerumani njia ilikuwa tofauti. Mwaka 1958, Erich Geiersberger alianzisha katika jimbo la Bavaria kile kilichoitwa mzunguko wa mashine: kila mkulima alibaki na zana yake mwenyewe, lakini ofisi moja ilipanga nani amkodishe nani, ikaandika saa na eneo lililofanyiwa kazi, kisha ikakokotoa nani anamdai nani.

Tofauti kati ya njia hizo mbili ina funzo kwa vikundi vyetu. Katika mzunguko wa Kijerumani, daftari ndilo biashara yenyewe. Bila kumbukumbu hakuna malipo, kwa hivyo kila mtu huandika. Katika umiliki wa pamoja, kama ule wa CUMA au wa kikundi cha kijijini, zana inaweza kuendelea kulima kwa miezi bila mtu kuandika neno, na hasara isionekane hadi siku inapovunjika.

Humu nchini, serikali iliendesha huduma ya kukodisha matrekta kwa wakulima wadogo katika miaka ya 1960, na baadaye vikawepo vituo vya huduma za zana za kilimo. Ugatuzi ulipoanza kutekelezwa mwaka 2013, jukumu hilo likawa mikononi mwa kaunti, na kaunti kadhaa zikanunua matrekta pamoja na plau na haro zake. Baadhi yanalima hadi leo. Mengine yameotewa na nyasi yakisubiri spea. Kununua zana ni kazi ya siku moja, tena yenye picha na hotuba. Kuitunza ni kazi ya kila jioni isiyokuwa na mpiga picha.

DAFTARI LENYEWE

Daftari la zana lisichanganywe na kitabu cha kumbukumbu za mikutano, wala na kile cha mweka hazina. Kila zana ipewe nambari yake na kurasa zake. Nambari hiyo ichomelewe kwenye fremu kwa moto wa welda, kwa maana rangi hufutika baada ya kusuguana na udongo msimu mmoja. Kikundi chenye plau mbili zinazofanana na zisizo na nambari hakina plau mbili. Kina ugomvi mmoja.

Ukurasa wa kwanza ni wa utambulisho: aina ya zana, nambari ya kiwandani, tarehe na bei ya ununuzi, upana wa kazi, kipenyo cha diski, unene na urefu wa bolti, na zaidi ya yote nambari za beringi. Jambo hili la mwisho hupuuzwa mno. Beringi ikivunjika katikati ya msimu, mjumbe hutumwa mjini akiwa na kipande kilichopondeka mfukoni, nambari imefutika, na muuzaji wa spea humpa inayokaribiana. Inayokaribiana huharibu ekseli. Nambari iliyoandikwa siku zana ilipokuwa mpya ingeokoa nauli, siku nzima, na pengine ekseli yenyewe.

Kurasa zinazofuata ni za safari za zana. Kila inapobadilisha mikono huandikwa tarehe, inakotoka, inakokwenda, trekta lililoikokota, jina la dereva, ekari zilizolimwa, hali ilipotolewa na hali iliporudishwa, kama ilitiwa grisi, na kasoro yoyote iliyoonekana. Maelezo si lazima yawe marefu. "Plau namba 2. Ekari sita. Diski ya nyuma inacheza. Imetiwa grisi jioni." Maneno hayo machache, yakiwa na sahihi mbili chini yake, yana thamani kuliko azimio la mkutano mkuu la kuwahimiza wanachama watunze mali ya kikundi.

Sahihi mbili hizo ndizo moyo wa mpango mzima. Anayerudisha zana hupenda kusema iko sawa. Anayetoa zana bohari, ambaye huenda ni mwanachama wa kamati, hana muda wa kuipekua. Anayeipokea, hata hivyo, anajua kwamba akiisha kutia sahihi, kasoro yoyote itakayoonekana baadaye ni yake. Kwa hivyo atainama. Atazungusha kila diski kwa mkono na kusikiliza kama beringi inalia. Ataitikisa huku na huku aone kama inacheza. Atashika nati moja baada ya nyingine. Atatazama kama pini za kuunganishia ni zile halisi au ni vipande vya nondo. Mpokeaji ndiye mkaguzi wa bure ambaye kikundi hakimtumii.

Siku hizi karibu kila mkulima ana simu yenye kamera. Picha mbili za zana wakati wa kukabidhiana, moja ya upande na moja ya mahali pa kuungia, humaliza mabishano mengi ambayo zamani yangefikishwa kwa chifu. Lakini picha isiyoambatanishwa na tarehe na nambari ya zana ni picha tu ya chuma.

KUHESABU KAZI KWA EKARI

Kwa kuwa zana haina mita, kipimo chake cha kawaida ni ekari. Ekari inaweza kugeuzwa kuwa saa kwa hesabu rahisi. Tuseme plau ina upana wa kazi wa mita 0.9 na trekta linatembea kilomita 5 kwa saa. Ingekuwa trekta halipindi wala halisimami, lingelima mita mraba 4,500 kwa saa. Lakini kuna kugeuza mwishoni mwa shamba, kuna kung'oa magugu yaliyojisokota, kuna dereva kushuka kukaza bolti. Wataalamu huondoa takriban robo. Zinabaki mita mraba 3,375. Ekari moja ni mita mraba 4,047, kwa hivyo plau hiyo huchukua saa moja na dakika 12 hivi kumaliza ekari. Kikundi kikitaka kujua plau yake imefanya kazi saa ngapi, kizidishe ekari zake kwa 1.2.

Hesabu hii haina maana ikiwa ekari zenyewe si za kweli. Hapa pana mtego mkubwa. Ploti ya futi 50 kwa 100 huitwa na wengi thumuni ya ekari, ilhali thumuni kamili ni futi mraba 5,445, si 5,000. Mwenye ploti nane za aina hiyo huamini ana ekari moja. Kwa hakika ana chini yake kwa karibu sehemu moja ya kumi na mbili. Kwa upande mwingine, wapo wanaotaja ekari tatu wakati wa kulipa na kuonyesha tano dereva akifika. Hatua 70 kwa 70, kila hatua ikiwa yadi moja, hukaribia sana ekari, na programu za simu zinazopima eneo mtu akilizunguka shamba kwa miguu zinapatikana bure. Pima kabla ya kulima, andika, ndipo trekta liingie.

Udanganyifu mdogo hugunduliwa kwa kulinganisha vitabu. Ekari za kwenye daftari, saa za mita ya trekta, lita za dizeli zilizotiwa na ujumbe wa malipo ya M-Pesa vinapaswa kusimulia hadithi moja. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, imewafaa wenye vikundi kwa namna ambayo haikukusudiwa: kila malipo hujiandikia saa, tarehe na kiasi bila kumtegemea mweka hazina. Ikiwa siku hiyo fedha zililipwa za ekari tatu na mita ya trekta ikasonga saa sita, kamati ina haki ya kuuliza.

GRISI NA BOLTI YA SHILINGI KIDOGO

Daftari likionyesha ekari, ratiba ya matengenezo hujipanga yenyewe. Vitovu vya diski hutiwa grisi kila siku ya kazi, na nati zote hukazwa baada ya ekari chache za kwanza za msimu, wakati chuma kinapozoea mzigo. Sababu ya kutia grisi kila jioni badala ya asubuhi haijulikani na wengi: beringi iliyofanya kazi ina joto, na grisi mpya husukuma nje vumbi na maji kabla havijapoa na kukaa humo usiku kucha. Diski zipimwe kipenyo mwanzoni mwa kila msimu na kipimo kiandikwe. Diski iliyonunuliwa ikiwa inchi 26 huliwa na mchanga kidogo kidogo, na kikundi kinachojua imepungua kiasi gani kwa kila ekari 100 kinajua pia ni lini kitanunua nyingine. Hakitasubiri dereva aje kulalamika kwamba plau haizami.

Zana zinazozungushwa na shafti ya nyuma ya trekta, ambayo madereva huiita PTO, zina uangalizi wa pekee. Nyingi zimeundwa kwa kasi ya mizunguko 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa kila sekunde. Kifuniko cha plastiki kinachoizunguka shafti hiyo huwa cha kwanza kuvunjika na cha mwisho kununuliwa. Leso au mkono wa koti ukinaswa, hakuna muda wa kupiga kelele. Daftari liwe na mahali pa kuandika kama kifuniko kipo, na kama hakipo zana isitoke. Hili lisingojee kura ya kamati.

Kisha ipo bolti dhaifu. Zana nyingi zenye gia au mnyororo huwekwa bolti moja iliyokusudiwa kukatika pindi zana inapogonga kisiki au jiwe, ili gia zisivunjike. Ni bolti ya shilingi kidogo. Dereva anayelipwa kwa ekari, ikimkatikia mara mbili kwa siku, hushawishika kuweka bolti ngumu isiyokatika. Siku hiyo atamaliza shamba. Wiki ijayo, mkononi mwa mwingine, gia itapasuka na mkulima asiye na hatia atalipishwa. Kikundi kinachoandika kila bolti iliyokatika na iliyowekwa kitaona mapema kwamba bolti za mashine fulani zimeacha kukatika ghafla. Hiyo si habari njema.

Mashine ya kupandia na bomba la dawa huficha kasoro zake, kwa kuwa huendelea kufanya kazi zikiwa zimeharibika. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 25 kati ya mbegu na mbegu, mita 10 za mstari ziwe na mbegu 40. Zikihesabiwa na kupatikana 32, mnyororo unateleza au tundu la mbegu limeziba, na kila ekari iliyopandwa hivyo imepoteza sehemu moja ya tano ya mimea. Mkulima atagundua wiki mbili baadaye, mahindi yakichomoza, na mashine itakuwa imekwisha kupita katika mashamba ya wenzake. Hesabu ya mita 10 ifanywe na kuandikwa kila inapoingia shamba jipya. Kwa bomba la dawa, kila nozeli ipimwe kwa kikombe na saa. Inayotoa zaidi ya asilimia 10 kuliko nozeli mpya imekwisha na ibadilishwe.

Tela linaloinuliwa kwa nguvu za haidroliki nalo lina siri. Oili yake huchanganyika na ya trekta linalolivuta. Likihama kati ya matrekta matano, hubeba uchafu wa pampu moja hadi nyingine mithili ya mbu. Viungio vya mipira vifutwe kila vinapounganishwa, na daftari lionyeshe lilitoka kwa trekta gani, ili pampu moja ikifa ijulikane mapema ni nani wa kuonywa.

UDONGO UNAOSAFIRI

Kuna sababu nyingine ya kuandika zana ilikotoka, na hii haihusu chuma. Plau haihami peke yake; huhama na udongo. Gugu la striga, ambalo wakulima wa Nyanza hulijua kwa jina la kayongo, hutoa makumi ya maelfu ya mbegu kwa mmea mmoja, mbegu ndogo kama vumbi, na huweza kukaa ardhini miaka mingi zikingoja mahindi au mtama. Bonge moja la tope kwenye fremu ya haro linatosha kulianzisha katika shamba ambalo halikuwahi kuliona.

Kwa wakulima wa viazi hatari ni kubwa vilevile. Ugonjwa wa mnyauko unaosababishwa na bakteria husafiri kwa udongo, na mwaka 2015 ilithibitishwa kuwa nchini Kenya kuna minyoo midogo sana inayoshambulia mizizi ya viazi na kujihifadhi ardhini ikiwa ndani ya vifuko vigumu kwa miaka mingi. Mkulima wa Nyandarua anayepokea plau ya pamoja ana haki ya kujua ililima wapi jana. Zana ioshwe au angalau ikwanguliwe kabla ya kuvuka ua, na usafi huo uwe na mahali pake kwenye daftari kando ya grisi. Mashamba yanayojulikana kuwa na ugonjwa yalimwe mwisho. Hakuna anayeweza kuupanga utaratibu huo asipokuwa na orodha ya safari.

FEDHA ZA KESHO

Vikundi vingi hupanga ada ya zana kwa kutazama jirani anatoza ngapi. Ada hiyo hulipa dizeli na dereva, kinachobaki hugawanywa mwisho wa mwaka, na zana inapovunjika hufanywa harambee. Njia bora ni kuanza na umri wa zana. Chama cha wahandisi wa kilimo cha Marekani, ASABE, hukadiria kwamba plau hudumu saa 2,000 za kazi, na kwamba katika umri huo matengenezo yake hugharimu takriban kiasi kilekile ilichonunuliwa. Mashine ya kupandia na bomba la dawa hukadiriwa saa 1,500.

Tuseme basi plau ilinunuliwa kwa Sh320,000. Saa 2,000, kwa mwendo wa saa 1.2 kwa ekari, ni zaidi kidogo ya ekari 1,600. Kila ekari imekula Sh200 za plau yenyewe, na Sh200 nyingine zitahitajika kwa matengenezo yake. Kwa hivyo kabla ya dizeli, dereva na faida, kila ekari inapaswa kuacha Sh400 katika akaunti isiyoguswa. Udongo wenye mawe utaongeza kiasi hicho, na udongo laini utakipunguza. Baada ya misimu miwili daftari la kikundi litatoa makadirio bora kuliko ya Wamarekani, kwa kuwa ni ya udongo wake.

Gawio dogo la mwisho wa mwaka huwaudhi wanachama, na viongozi wanaochaguliwa kila mwaka hupendelea kugawa. Anayegawa Sh400 hizo, hata hivyo, anagawa plau kipande kipande.

Fedha ndizo pia zinazotenganisha uchakavu na uzembe. Diski iliyoliwa na mchanga ni gharama ya kikundi kizima. Fremu iliyopinda kwa sababu dereva aligeuka plau ikiwa ardhini ni gharama ya aliyekuwa nayo. Kanuni hiyo hukubaliwa na kila mtu kwenye mkutano, na hushindwa kila mahali kusiko na maandishi, kwa kuwa uharibifu hauonekani siku unapotokea. Ufa wa Jumatatu huvunjika Alhamisi. Asiye na daftari humtoza mtu wa Alhamisi, na mtu huyo, akiwa na akili, hatakodi tena zana za kikundi. Vikundi vingi vimesambaratika hivyo pasipo wizi wowote.

NANI ASHIKE KALAMU

Si vyema kalamu iwe mikononi mwa dereva peke yake, kwa kuwa ndiye anayeandikwa. Mwenyekiti naye ana mashamba na marafiki. Inafaa ateuliwe mtunza zana, apewe posho ndogo kwa kila ekari iliyoandikwa, na awe na ufunguo wa bohari. Posho kwa ekari humfanya atafute ekari zilizofichwa. Utingo wa trekta, ambaye hushinda shambani na huona kila kitu, anaweza kuwa msaidizi wake bora kuliko katibu mwenye mwandiko mzuri anayeishi mjini.

Teknolojia imeingia pia. Kampuni ya Hello Tractor, iliyoanzishwa Nigeria mwaka 2014 na Mmarekani Jehiel Oliver na ambayo huhudumia pia wakulima wa Kenya, hufunga kwenye trekta kifaa kinachotuma mahali lilipo na kazi linayofanya, ili mwenye trekta aone kwenye simu. Ni hatua kubwa, hasa kwa mwenye trekta anayeishi mbali. Kikundi kinachotaka kutumia mitambo ya aina hiyo kikumbuke kwamba kifaa kilichofungwa kwenye trekta hulifuata trekta. Plau ikihamia kwa trekta lingine, rekodi yake hukatika, isipokuwa iwe na kitambulisho chake yenyewe. Wala setilaiti haioni bolti iliyolegea.

Mvua ikikatika na zana kurudi bohari, mtunza zana huwa na kazi moja ya mwisho. Masanduku ya mashine ya kupandia humwagwa na kuoshwa, maana mbolea inayobaki hula chuma usiku na mchana. Bomba la dawa husafishwa kwa maji safi mara kadhaa na kukaushwa. Diski hupakwa oili chafu, na plau huinuliwa juu ya magogo isiguse ardhi. Kisha hufungua daftari, husoma kila kasoro iliyoandikwa tangu Machi, na kuandika kwenye karatasi moja orodha ya spea zenye nambari zake, akaikabidhi kamati mwezi wa Novemba, wakati mafundi hawana foleni na fedha za mavuno bado hazijaisha.